Suruali Yenye Miguu Miwili ya Kushoto

Watu wa Kamina wakitaka nguo iliyoshonwa vizuri huenda kwa Maman Priscille Umba. Karakana yake iko ng'ambo ya reli. Ni nyumba ya matofali yenye mlango wa buluu. Ndani kuna mashini tatu za kukanyaga kwa miguu, meza moja ndefu ya kukatia nguo, na pasi mbili za makaa. Umeme ukija, vizuri. Usipokuja, hakuna anayeuulizia.

Watu wanne walifanya kazi humo. Wa kwanza ni Maman Priscille mwenyewe, mwenye nyumba na mwenye sauti. Wa pili ni shemeji yake Nahum, mpiga pasi, mtu wa mizaha asubuhi hadi jioni. Wa tatu ni Naomie, fundi wa mashini, ambaye husema maneno kumi kwa siku. Wa nne ni Tshiala, mkataji.

Tshiala alikuwa mke wa askari. Kila asubuhi alitoka upande wa base, kambi ya jeshi, kwa baiskeli, akafika na vumbi hadi kwenye nyusi. Shingoni alivaa futi ya kupimia ya rangi ya njano. Maman Priscille ndiye aliyemvalisha futi hiyo mbele ya wote, siku alipoona kwamba mkono wake haukosei. Katika karakana ile, mwenye futi ya njano ndiye mkataji. Hakuna mwingine anayegusa makasi makubwa.

Saa sita mchana mashini zilifunikwa kwa kitambaa. Naomie alisonga bukari, ugali wa kwao, nyuma ya nyumba. Mmoja alileta sombe ya majani ya muhogo, mwingine maharagwe, siku nyingine samaki wakavu wa Mulongo. Wote wanne walinawa mikono, wakala kwenye sahani moja. Hapo ndipo habari za nyumbani zilipotolewa. Aliyenyamaza aliulizwa ana nini. Asiyekula aliulizwa mara mbili. Na mtu akificha jambo, Nahum alimtania mpaka likatoka lenyewe.

Basi, mwezi wa nane, shule moja ilileta kazi kubwa. Ilitaka sare mia mbili kabla ya masomo kuanza. Maman Priscille hakuwahi kupata kazi kubwa namna hiyo. Alifurahi, akaogopa, na hofu ikashinda furaha. Siku iyo hiyo aliweka sheria mbili.

"Kwanza, hakuna tena bukari ya pamoja," alisema. "Kila muntu akule beignet, mandazi yake, pa mashini. Ya pili, simu zote bazizime, ziingie mu karatoni hii mpaka jioni. Simu inakulaka wakati."

"Shemeki, na weye utakula saa ngapi?" Nahum aliuliza.

"Minyi sichoki. Na ninyi musichoke."

Alilisema hilo kwa fahari. Alikuwa amelisema tangu ujana wake, shambani kwa baba yake, na alikuwa analiamini.

Wiki tatu zikapita hivyo. Kazi ilikwenda, lakini kitu fulani kiliharibika ndani ya nyumba. Naomie hakusema hata yale maneno yake kumi. Nahum aliunguza kola mbili kwa pasi. Maman Priscille aliamka na kichwa kinachouma, akalala na kichwa kinachouma, na katikati ya hapo aligomba. Tshiala naye alikonda. Alisahau chaki aliyoishika mkononi, akaitafuta chini ya meza. Ukimwita kwa ghafla, aliruka. Maman Priscille aliyaona yote hayo, akajiambia kwamba ni uvivu wa watu waliozoea kazi ndogo.

Jumanne moja asubuhi, Maman Priscille alichukua vipande vya juu kwenye rundo lililokatwa na Tshiala. Alishona suruali ya kwanza, akamrushia Nahum apige pasi. Nahum aliinyosha mezani. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Shemeki," alisema, "hii patalo iko ya nani? Muntu atayivala atatembea kwa kuzunguka."

"Wachana na mizaha, Nahum."

"Haina mizaha. Angalia. Miguu yote mbili iko ya kushoto."

Maman Priscille aliishika suruali, na kweli, ilikuwa imejipinda. Akaenda kwenye rundo. Akatazama kipande cha pili, cha tatu, cha kumi, cha ishirini. Vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto.

Mkataji anapokata suruali, hukunja kitambaa, uso kwa uso. Hapo makasi hutoa mguu wa kushoto na wa kulia kwa pamoja. Tshiala alikuwa amepanga kitambaa tabaka juu ya tabaka, upande unaong'aa wote ukitazama juu. Kosa hilo hulifanya mtu wa wiki ya kwanza ya kazi. Tshiala alikuwa na miaka sita mezani.

"Tshiala! Ulikata miguu ngapi?"

"Makumi sita na mbili, maman."

"Yote ya kushoto?"

Tshiala alikuja, akatazama, akaweka mkono mdomoni.

"Kitambaa ya bantu!" Maman Priscille alipiga kelele mpaka mpita njia akasimama mlangoni. "Batoto bataenda mu masomo na nini? Bataenda uchi? Toa mètre! Toa mètre mu shingo, uende kwako!"

Tshiala alivua futi ya njano. Aliikunja vizuri, kama alivyoikunja kila jioni, akaiweka juu ya meza. Kisha alitoka, akaketi kwenye ngazi ya mlango. Hakuweza kwenda mbali zaidi. Aliishika ngazi kwa mikono yote miwili, akaanza kuhema.

Wakati huo huo mwuguzi Hénoch alifika kwa baiskeli. Alifanya kazi kwenye kituo cha afya cha mtaa ule, na alikuja kuchukua sare za wanawe watatu. Alimwona Tshiala, akaegemeza baiskeli ukutani, akaketi kando yake.

"Mama Tshiala, uko nasikia nini?"

"Roho inapiga mbio, muganga. Mikono inatetemeka. Naona sawa nitaanguka."

"Tutapumua pamoja. Vuta hewa ku pua, polepole, minyi nahesabia: moja, mbili, tatu, ine. Sasa toa ku kinywa, polepole zaidi, mpaka sita. Tena."

Walifanya hivyo mara kumi. Mikono ikatulia kidogo. Hénoch akauliza maswali mepesi, moja moja.

"Kichwa inauma?"

"Kila siku."

"Unalala?"

"Nalalaka masaa mbili, tatu tu. Kisha macho inafunguka, mawazo inaanza."

"Leo ulikula nini?"

Tshiala alifungua fundo la kitenge chake. Ndani kulikuwa na nusu ya beignet na vidonge vinne vya maumivu. Alivinunua barabarani kwa mchuuzi mwenye sinia. Alivimeza kila siku bila chakula, wakati mwingine mara tatu.

"Hii dawa inachoma tumbo kama hauna kitu ndani," Hénoch alisema. "Na haitibu kile kinakuumiza."

Maman Priscille alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa bado na suruali mkononi.

"Muganga, usimuhurumie," alisema. "Ameharibu kazi yangu."

Nahum alichungulia nyuma ya bega lake, akanong'ona: "Shemeki, pengine bamemuloga. Mukono ya Tshiala haikoseaka."

"Hapana, papa Nahum," Hénoch alijibu. "Hakuna mulozi hapa. Na haina uvivu, Maman Priscille. Kwa Kifaransa banaita stress. Sisi tunasemaka mawazo mingi. Muntu iko na muzigo mu kichwa, hapumuziki, hakuli, halali. Siku moja, mbili, mwili inavumilia. Wiki tatu, mwili inakataa. Muntu anasahau. Anaruka bure. Anakasirika bure. Kichwa inauma, shingo inauma, roho inapiga. Ile iko mu mwili kabisa, sawa malaria."

Aliposema "anakasirika bure," Maman Priscille alitazama pembeni.

"Lakini kila muntu iko na matatizo," alisema. "Minyi pia niko nayo."

"Ndiyo. Njo maana nauliza: ile sahani ya bukari iko wapi?"

"Sahani gani?"

"Mwezi ya saba nilipita hapa saa sita. Mulinikokota ndani, mukaninawisha mikono, nikakula na ninyi. Papa Nahum alinichekesha mpaka nikakabwa na samaki. Leo naona mashini tu. Sahani iko wapi?"

Hénoch akamgeukia Tshiala.

"Mama, ule muzigo ni nini?"

Mke wa askari hajazoea kulia mbele za watu. Huko base wanawake husifiana kwa ugumu wa macho. Lakini siku hiyo macho yalimshinda.

"Bwana yangu, Kalonji," alisema. "Balimutuma mission upande wa Malemba-Nkulu. Kule alipo, réseau hakuna. Kila siku saa sita anapanda ku kilima, njo simu inapata, anaita. Dakika mbili tu. Ananiuliza kama nakula, minyi namuuliza kama iko muzima. Tangu simu iliingia mu karatoni, sijue tena. Jioni naita, hapatikani. Ku base kila siku banapiga habari mubaya. Nakataka kitambaa, naona yeye tu amelala chini."

Maman Priscille aligeuza kichwa, akatazama karatoni ile pembeni ya meza. Ndani yake simu nne zilikuwa zimelala zimezimwa. Alikumbuka kwamba zamani, saa sita, simu ya Tshiala ililia katikati ya bukari, na Tshiala alitoka nje akarudi akitabasamu. Aliyakumbuka hayo sasa tu. Kwa wiki tatu hakumwona akitabasamu, wala hakumwona akila. Aibu ilimpanda usoni ikamchoma.

"Juu ya nini haukuniambia, Tshiala?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ningekuambia wapi, maman? Tulikuwa tunaambianaka ku bukari."

Maneno hayo yalimwingia Maman Priscille kuliko maneno yote ya mwuguzi. Aliketi kwenye ngazi, suruali magotini. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu alikuwa ameketi bila mashini mbele yake, na miguu yake ikamshukuru.

"Muganga," alisema, "nifanye nini? Kazi bado. Masomo inafungua Jumatatu."

"Haina mambo ya ajabu," Hénoch alisema. "Bantu bakule kwa saa yake. Banywe mayi. Kila masaa mbili basimame, banyooshe mugongo na shingo. Jioni bafunge kwa wakati, balale. Ukiona mufanyakazi anakosea, uliza kwanza, kisha ugombe kama bado unataka. Na kama kazi inashinda wakati, wambia mwenye kazi mapema. Usingoje siku ya mwisho."

"Na Tshiala?"

"Leo asikate. Akule, aende kulala. Dawa ya barabarani, aiwache. Asubuhi apite ku centre de santé tumupime tension ya damu. Mama Tshiala, unanisikia? Kama nyuma ya wiki mbili haulali bado, ao kama unaanza kuona maisha haina maana, usikae na ile mawazo peke yako. Unakuya kwetu siku ile ile. Haina haya."

"Nimesikia, muganga."

Maman Priscille alisimama. Akaingia ndani, akapiga makofi.

"Naomie! Funika mashini. Weka mayi ya bukari ku moto."

"Sasa hivi, maman?" Naomie aliuliza. Hakuamini masikio yake.

"Sasa hivi. Nahum, peleka karatoni ile nje. Kila muntu akamate simu yake."

Naomie alisonga bukari. Walikuwa na sombe kidogo na samaki watatu, na Hénoch alikokotwa ndani kama zamani. Kisha Nahum aliishika ile suruali iliyopinda, akajaribu kutembea kama mtu mwenye miguu miwili ya kushoto. Alizunguka meza, akajigonga kwenye mlango. Naomie, yule wa maneno kumi, alicheka mpaka machozi. Tshiala naye alicheka, kwanza kidogo, kisha sana.

Alikuwa amekula matonge manane au tisa alipoacha kutafuna.

"Maman," alisema polepole. "Batoto ya kipimo ile ndogo, balikuwa ngapi?"

"Makumi sita na tano."

"Basi kitambaa haikupotea."

"Namna gani haikupotea?"

"Miguu makumi sita ya kushoto iko pale. Tunapanga kitambaa tena, upande ya kung'aa iangalie chini. Tunakata makumi sita ya kuume. Kila ya kushoto inapata mwenzake. Patalo makumi sita. Zile mbili ulishashona, njo peke yake imepotea."

Maman Priscille alibaki na tonge mkononi. Alihesabu kichwani, akahesabu tena kwa vidole vyenye bukari. Ilikuwa kweli tupu. Mama huyu alishona miaka ishirini na mitano, na asubuhi ile hakuliona jambo hilo, kwa sababu hasira ilikuwa imemfunika macho. Tshiala naye hakuliona kwa hofu. Ilihitajika bukari tu.

"Wafwako," alisema kwa Kiluba, kama anavyoshukuru mtu anapoguswa moyoni. "Wafwako, mwanangu."

Alinawa mikono, akaenda mezani, akaichukua futi ya njano. Akamvalisha Tshiala shingoni mbele ya wote, kama siku ile ya kwanza.

"Nipe makasi, tuanze," Tshiala alisema.

"Kesho," Hénoch alisema.

"Kesho," Maman Priscille alirudia, ingawa mikono yake mwenyewe ilikuwa inawasha kwa hamu ya kuanza. "Uende ulale. Baiskeli yako, Nahum ataisukuma mpaka barabara kubwa."

Asubuhi iliyofuata Tshiala alipita kituo cha afya, akapimwa, kisha akaja kazini. Alikata miguu ya kulia, yote, bila kosa. Maman Priscille alikwenda kumwona mkuu wa shule, akamwambia wazi kwamba mashati manane yatachelewa siku mbili. Mkuu alikubali bila neno. Maman Priscille alirudi akiwa mwepesi, akijiuliza kwa nini aliogopa mazungumzo hayo wiki tatu nzima.

Alhamisi, saa sita na dakika chache, walikuwa wamezunguka sahani. Simu ya Tshiala ililia. Wote waliacha kutafuna. Tshiala aliitazama, mkono wake mwingine ukiwa na bukari, akaibonyeza kwa kidole kidogo. Sauti ya mwanamume ilitoka kwa mbali, na upepo mwingi nyuma yake.

"Tshiala? Unakula?"

"Niko nakula!" Tshiala alipaza sauti. "Niko nakula, Kalonji! Na weye uko muzima?"

"Niko muzima. Wiki tatu nilikuwa naita, simu imefungwa; hizi siku mbili sikuweza kupanda ku kilima. Nilianza kufikiri mubaya."

"Hata minyi!"

Maman Priscille aliinua kitenge akajifuta uso. Nahum alisema ni pilipili. Siku hiyo hapakuwa na pilipili.

Sare mia na tisini na mbili zilifika shuleni Jumamosi, na mashati ya mwisho Jumatatu na Jumanne. Hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani. Tshiala alianza kulala, kwanza kwa muda wa saa nne, baadaye wa saa sita. Hofu haikuisha yote, kwa maana Kalonji alikuwa bado mbali. Lakini sasa aliigawa na wenzake kila mchana, na ilipogawanywa ilibebeka. Kichwa cha Maman Priscille nacho kiliacha kumwuma, bila kidonge hata kimoja.

Ile suruali iliyopinda haikutupwa. Maman Priscille mwenyewe aliipigilia ukutani juu ya meza ya kukatia. Wateja wakiuliza, Nahum huwaambia ni ya mcheza mpira mmoja anayepiga kwa mguu wa kushoto tu.

Mvua zilipoanza, kazi nyingine ikaja. Wanakwaya wa parokia walitaka kanzu arobaini kabla ya sikukuu. Siku ya tatu, saa sita, Naomie alifunika mashini na kuleta bukari. Maman Priscille hakuinua kichwa.

"Mukule tu," alisema. "Minyi namaliza hii mukono. Minyi sichoki."

Nahum alimtazama Naomie. Naomie alimtazama Tshiala. Tshiala alisimama. Alishika ncha ya futi yake ya njano, akainyosha juu, akagusa nayo suruali iliyoko ukutani.

Maman Priscille aliinua macho. Aliitazama miguu ile miwili ya kushoto. Akavua miwani, akaitoa miguu yake kwenye mashini, akaenda kunawa.

"Sogea, Nahum," alisema akiketi. "Na ile samaki mukubwa, usiiguse."